Mwaka Kogwa Ukitazamwa kutoka Jikoni

(Mhadhara kwa wanafunzi wa utalii, Unguja)

Assalaam alaykum. Habari za asubuhi, vijana.

Waalimu wenu wameniandikia kwamba nizungumzie "tamasha la Makunduchi", yaani sherehe ya mwaka mpya ya huko kusini mwa Unguja. Naanza kwa kuligombeza hilo neno kidogo. Ukisema tamasha, mtu wa mjini anafikiria jukwaa, spika na tiketi mlangoni. Makunduchi kwenyewe watu husema Mwaka, basi. "Mwaka huu unakuja Mwaka?" Ukiulizwa hivyo umealikwa. Na Kogwa ni kukogwa, mwaka unakogwa, watu wanaingia baharini asubuhi kuuvua mwaka wa zamani kama mtu anavyovua nguo yenye jasho.

Niambieni, nani hapa ameona picha za vijana wakipigana kwa mabua ya migomba? Wote. Na kibanda cha makuti kikiwaka moto? Wote tena. Na nani anaweza kuniambia siku ile watu walikula nini? Naona mikono miwili. Mmoja wenu najua ni mtu wa huko huko, kwa hiyo hahesabiwi.

Sasa mimi nilikuwa bwana shamba. Nilipopangiwa kusini nilikuwa kijana kama nyinyi, na kichwa kimejaa mambo ya mbolea na nafasi kati ya shina na shina. Mwaka wangu wa kwanza nikaenda kutazama. Nilijiona mstaarabu: nikala nyumbani kwanza, chapati na maharage, ili nisiwe mzigo kwa watu. Nikatazama mapigano, upande mmoja wa mji na upande wa pili wakitwangana kwa mabua mpaka mabua yakawa nyuzi. Nikawasikiliza wanawake na nyimbo zao za kejeli, wamevaa kanga mpya, wanasema mchana kweupe mambo ambayo siku nyingine husemwa jikoni tu. Kibanda kikatiwa moto, moshi ukapanda, wazee wakautazama unaelekea wapi. Nikaona shughuli imekwisha, nikaanza kutafuta gari.

Bibi mmoja mzee akanishika mkono. "Njoo ule, mwanangu."

Nikamwambia, "Ahsante bibi, nimeshiba."

Akauachia mkono wangu. "Umeshiba kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Sikuelewa hata swali. Kijana mmoja aliyekuwa karibu ndiye aliyeninong'oneza: nyumba ikiupita Mwaka bila mgeni, hiyo si dalili njema kwa watu wake. Yule bibi hakuwa akinihurumia. Alikuwa na shida, na mimi ndiye niliyeweza kuimaliza, nami nikamwambia nimeshiba. Nikarudi nyuma yake mpaka uani kwake, nikakaa juu ya mkeka, nikala mara ya pili.

Nilichokula nakikumbuka vizuri kuliko mapigano. Sahani ya wali wa nazi, changu wa kukaanga, na bakuli la kunde. Hapo kwenye kunde mtaniruhusu nikae kidogo, maana ndiyo kazi niliyoisomea.

Makunduchi imekaa juu ya uwanda. Wale mliozaliwa upande wa mikarafuu hamjui uwanda ni kitu gani. Ni jiwe la matumbawe, bahari ya zamani iliyonyanyuka, na udongo umekaa kwenye mashimo na nyufa, hapa kikombe, pale ndoo. Trekta haliingii. Jembe lenyewe hupiga jiwe likalia. Mkulima hutumia muo, kijiti kilichochongwa ncha, anatafuta udongo ulipo na kutia mbegu hapo hapo. Anafyeka, anachoma, analima misimu michache, kisha anapaacha msitu uote tena. Shamba la namna hiyo machoni pa mgeni linaonekana pori lenye vurugu. Mimi mwenyewe nililicheka, mpaka nilipohesabu vilivyokuwemo: kunde, choroko, mtama, mbaazi, boga limetambaa juu ya mawe, na muhogo pembeni. Juu ya hayo kuna nguruwe wa mwituni usiku, kima mchana, na ndege asubuhi na jioni, kwa hiyo mtoto alikaa shambani kuamia, kuwafukuza hao, mpaka mtama ukomae.

Bakuli moja la kunde, basi, ni masika nzima na mtoto aliyekosa kucheza.

Zinavyopikwa: kunde zimelowekwa tangu usiku. Zinachemshwa mpaka zipasuke, na kuni zinapunguzwa. Hapo utasikia mbuzi ya nazi uani, kwaru, kwaru, kwaru, mtu amekaa juu yake na sinia chini. Nazi inakamuliwa mara ya kwanza, tui zito linawekwa pembeni. Machicha yanatiwa maji tena, yanakamuliwa, na tui hilo jepesi ndilo linaloingia kwanza kwenye kunde pamoja na kitunguu na bizari. Tui zito huja mwisho, na likiingia mpishi haondoki. Anakoroga polepole bila kusita, maana tui likikatika, wageni watakula na hawatasema kitu, lakini majirani watajua. Machicha wanapewa kuku. Nilimuuliza bibi anapima vipi chumvi. Akasema, "Kwa mkono." Nilikuwa na daftari, nikaandika: kwa mkono.

Sasa, kwa nini Mwaka unakuja Julai? Wengi huwaambia wageni kwamba asili yake ni Uajemi, Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi, na jina kweli ni hilo. Lakini ukiishia hapo umemwachia mgeni nusu ya maneno. Nairuzi kwetu ilikuwa siku ya kwanza ya hesabu. Ukianzia hapo unahesabu miongo, siku kumi kumi: mwongo wa kumi, wa ishirini, wa thelathini, mpaka mia tatu na sitini. Miongo 36, halafu siku tano za ziada, na mwaka umetimia siku 365. Mkulima akiuliza "tuko mwongo wa ngapi?" anataka kujua kama wakati wa kutia mbegu umefika. Nahodha akiuliza, anataka kujua upepo wa kusi umebakiza siku ngapi.

Kalenda ya Kiislamu haiwezi kazi hiyo, wala haikuwekwa kwa ajili hiyo. Ina siku 354, Ramadhani inazunguka misimu yote, ukifuata mwezi wa kiislamu kupanda kunde utazipanda kiangazi. Kwa hiyo kijiji kilikwenda na hesabu mbili, ya ibada na ya shamba na bahari. Siku hizi ziko tatu, maana mshahara na shule vina yake. Na desturi hii haikuwa ya Makunduchi peke yake. Siku ya Mwaka ilijulikana pwani nzima. Mombasa walikuwa na ng'ombe wao wa mwaka, na dua kwenye kaburi la Shehe Mvita. Makunduchi ndiyo imebaki na sauti kubwa kuliko wote.

Lakini hesabu ya miongo ina ufa mdogo, na mimi ufa huu unanifurahisha. Haina siku ya kuongeza kila mwaka wa nne. Jua linahitaji siku 365 na karibu robo. Ile robo hatuihesabu, kwa hiyo Mwaka unarudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Piga hesabu mwenyewe: miaka mia moja ni siku 24 hivi. Mabibi wa mabibi zetu, mnamo 1900, walikoga Mwaka karibu mwezi mmoja baadaye kuliko sisi, ndani ya Agosti. Na baada ya miaka 400 hivi utakogwa Aprili, masika imepamba moto, na kile kibanda cha makuti sijui watakiwasha kwa kitu gani.

Hili linahusu sufuria moja kwa moja. Agosti, mtama wa masika umeshavunwa na umeanikwa, kunde kavu ziko ndani, mbaazi zimejaa. Julai, mengine bado yako shambani. Mimi nadhani, na haya ni mawazo yangu mwenyewe, kwamba Mwaka wa zamani ulikuwa na chakula cha shamba zaidi kwa sababu hiyo tu: ulikuja ghala likiwa limejaa. Leo unakuja mlango wa ghala ndio kwanza unafunguliwa.

Na bahari? Julai ni kusi. Makunduchi inatazama bahari kuu, upepo unaijia usoni. Vyombo haviendi mbali, watu wanavua ndani ya mwamba, ndiyo maana utakula changu na tasi zaidi kuliko nguru. Pweza ni jambo jingine, yeye anategemea mwezi. Wanawake wanamfuata kwa miguu maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Sasa Mwaka unafuata jua na bamvua inafuata mwezi. Miaka mingine vinakutana, miaka mingine Mwaka unaangukia maji mafu na pweza anabaki shimoni kwake. Kwa hiyo mgeni akikuuliza wiki moja kabla, "je, kutakuwa na pweza?", usimjibu kwa menyu. Tazama juu.

Na akipatikana, lazima apigwe. Juu ya jiwe, kwa kirungu, mara nyingi kuliko unavyodhani ni lazima. Asiyepigwa vizuri halainiki hata umchemshe mpaka kuni ziishe. Kisha nazi.

Nije kwenye wali, kwa sababu najua mtauliza. Mpunga si zao la uwanda. Kisiwani hulimwa mabondeni, Cheju, Bumbwisudi, na hautoshi. Mchele mwingi unashuka bandarini kutoka Asia, na ule wa Mbeya unavuka kutoka bara. Kuna vijana wanaoandika kwa hasira kwamba watu wa Makunduchi wameacha chakula cha asili, wanampa mgeni pilau. Mimi sikubaliani nao. Wali umekuwa chakula cha heshima miaka mingi, na mwenye nyumba anampa mgeni kilicho ghali, si kile anachokula mwenyewe kila siku. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ungekwenda kwa shangazi yako kijijini na akakupa uji wa mtama, ungefurahi, au ungejiuliza umemkosea nini?

Tabu ni kwamba heshima hiyo inaficha muhogo nyuma ya mlango. Mgeni anasema anataka chakula cha hapa, mwenyeji anaona haya kumpa muhogo wa nazi na papa mkavu, wote wawili wanakula pilau na kila mmoja anadhani amemfurahisha mwenzake. Mkate wa mofa nilikuwa nikiuona. Siku hizi nauona mara chache, kwa sababu unataka unga wa mtama, unataka tanuri la udongo, na unataka mtu asiyeogopa kutia mkono ndani ya tanuri. Hapo ndipo nyinyi mnaweza kufanya kazi. Uliza mapema. Sema: "Bibi, wageni wangu wanapenda kunde." Ukisema wewe haya inaondoka.

Jambo moja linaniudhi, nalo ni la upande wenu. Naona gari za wageni zinakuja kutoka hoteli za pwani ya mashariki, zinaegesha karibu na uwanja, wageni wanapiga picha mapigano, wanapiga picha moto, na ndani ya gari kuna maboksi ya chakula. Wanakula humo humo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Baada ya saa mbili, wameondoka. Uwanja umejaa wageni, na nyumba iliyo hatua hamsini kutoka uwanjani haijapata hata mmoja. Kiongozi wao akiulizwa atasema wamehudhuria Mwaka. Mimi sijui wamehudhuria nini. Sina ugomvi na hoteli. Boksi limefungwa kwa nia njema, mtu asiumwe tumbo. Lakini kumi kati yao wangeweza kugawanywa nyumba tano, wawili wawili, wakala vijiko vitatu tu kila mmoja, na kupanga hivyo hakuhitaji fedha, kunahitaji simu mbili tatu siku ya kabla.

Mtaniuliza mgeni aende na nini. Sukari, majani ya chai, sabuni. Msimpe bahasha mbele ya watu. Avae nguo za kumfunika. Asipige picha za wanawake wanaoimba mpaka aulize, na akiimbwa yeye, maana ataimbwa, acheke. Na asile asubuhi.

Yule bibi alishafariki, Mungu amrehemu. Binti yake ndiye mwenye nyumba sasa, naye ananihesabu mgeni wake kila Mwaka. Mara ya mwisho gari iliniharibikia njiani, nikafika kibanda kimeshakuwa majivu na watoto wanachezea mabaki ya mabua. Nilikwenda moja kwa moja uani. Sufuria la wali lilikuwa bado juu ya mafiga, kifuniko kimepaliwa makaa, na sahani zimepangwa safi. Hakuna aliyekula, si watoto, si yeye.

"Umechelewa," akaniambia. "Kaa, nikupe maji ya kunawa."

Haya, maswali.