Mchezo Unaokwama na Programu za Chinichini: Mhadhara kwa Vijana wa Katuba, Lubumbashi

Wazee wetu, akina mama na akina baba mliokuja pamoja na watoto wenu, nanyi vijana mliojaza viti vya nyuma, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo naulizwa karibu kila ninapokutana na kijana mwenye kompyuta: "Mwalimu, mchezo wangu unakwama, na juzi ulikuwa unaenda vizuri. Ninunue kompyuta nyingine?" Jibu langu huwa ni kumwomba asubiri, aache pesa za mzazi mahali zilipo. Kompyuta iliyoubeba mchezo juzi bila shida haizeeki kwa usiku mmoja. Kinachobadilika kwa haraka namna hiyo, mara nyingi, ni idadi ya programu nyingine zinazofanya kazi chinichini wakati wewe unacheza, na zaidi ya idadi yake, saa ambayo programu hizo zinaamua kuamka.

Hapa mezani pana kompyuta ya kubebeka ya kijana mmoja wa mtaa huu, ambaye amekubali tuichunguze mbele yenu. Ina kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya gigabaiti 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na Windows ya Kifaransa kama zilivyo nyingi za mjini kwetu. Kwa hiyo majina ya vitufe na ya kurasa nitayataja kwa Kifaransa, jinsi mtakavyoyakuta mkifika nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu "kukwama" tunalitumia kwa magonjwa matatu yasiyofanana. Kuna mchezo ambao ni mzito tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayetembea ndani ya matope. Huo kwa kawaida umeizidi nguvu kadi ya picha, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha, na dawa yake ni kupunguza ubora wa picha ndani ya mchezo wenyewe. Kuna mchezo wa mtandaoni ambao picha yake ni laini, lakini wachezaji wenzako wanaruka kutoka hapa hadi pale. Hilo ni tatizo la intaneti. Na kuna mchezo unaokwenda vizuri kabisa, kisha unasimama kufumba na kufumbua, unaendelea, na baada ya muda unasimama tena. Huu wa tatu ndio unaonuka programu za chinichini, na ndio uliotuleta hapa leo.

Ili mwelewe kwa nini programu ndogo inaweza kuuvuruga mchezo mkubwa, fanyeni hesabu pamoja nami. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16.7 tu za kuandaa kila picha, na ndani ya muda huo prosesa, ubongo wa kompyuta, inapaswa kuhesabu mpira uko wapi, wachezaji 22 wanakimbilia wapi, sauti gani isikike, kisha iikabidhi kazi kwa kadi ya picha. Sasa programu nyingine ikiishika prosesa kwa milisekunde 50, picha tatu zinakosekana kwa mfululizo, na jicho linaona. Ajabu ni kwamba kipimo cha wastani kitakuambia umepata picha 57 katika sekunde hiyo, nawe utadhani hakuna kilichotokea. Ndiyo maana siwapendekezei vijana kutegemea wastani. Mikwamo ihesabuni mmoja mmoja.

Prosesa, lakini, si mtuhumiwa wangu wa kwanza. Windows inajua ni dirisha lipi liko mbele ya macho yako na inalipa upendeleo, na tangu mwaka 2017 Windows 10 ina kile kinachoitwa "Mode jeu", kinachojaribu kuutanguliza mchezo zaidi. Mahali ambapo upendeleo huo hausaidii sana ni kwenye diski. Diski ya kompyuta hii inazunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11. Kabla ya kusoma chochote, mkono wa diski unapaswa kusogea hadi mahali panapotakiwa, kisha usubiri data ipite chini yake; kwa hiyo kusoma kipande kimoja tu cha data kilicho mbali kunaweza kumaliza muda wote wa picha moja. Mkono huo ni mmoja. Programu ya kukagua virusi ikitaka faili elfu tatu zilizotawanyika, na mchezo nao ukitaka sura ya uwanja, wote wanapanga foleni moja kama watu wenye madumu mbele ya bomba moja, na mwenye haraka hapewi njia.

Kumbukumbu nayo inaingia hapo hapo. Gigabaiti 4 si nyingi: Windows inachukua sehemu kubwa, kivinjari chenye kurasa kumi kinaweza kuchukua zaidi ya gigabaiti moja, na mchezo unabaki na makombo. Kumbukumbu ikijaa, Windows haikuambii neno. Inachukua vitu visivyotumika kwa sasa na kuvihamishia kwenye diski, kisha inavirudisha vinapohitajika. Yaani upungufu wa kumbukumbu unageuka kuwa foleni ya diski, ile ile niliyoieleza sasa hivi. Na msidhani kivinjari mlichokifunga kimeondoka. Baadhi ya vivinjari vina ruhusa, usipoizima katika mipangilio, ya kuendelea kufanya kazi hata baada ya dirisha la mwisho kufungwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo maelekezo ya kigeni hayaligusi, kwa sababu walioyaandika hawaishi na delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Windows imepangiwa kufanya usafi wake usiku wa manane, wakati mwenye kompyuta amelala: kukagua faili, kupanga diski, kutafuta masasisho. Mpango huo unadhani kwamba kompyuta inalala huku imechomekwa kwenye umeme. Kwetu, saa hizo kompyuta imezimwa, na pengine hata umeme haupo. Kazi hizo hazifutiki. Zinawekwa akiba, na nyingi kati yake zimeagizwa zifanyike mara tu nafasi itakapopatikana. Umeme unaporudi jioni, basi, kuna wawili waliokuwa wakiusubiri: kijana anayetaka kucheza, na kompyuta yenye madeni ya siku tatu. Wote wanaanza kwa pamoja. Kijana anaona mchezo unakwama, anakasirika, anafuta mchezo, anaurudisha, anapoteza saa mbili, na wakati anamaliza kuurudisha, usafi nao umekwisha. Mchezo unakwenda vizuri, naye anaapa kwamba dawa ni kufuta na kurudisha. Nimewaona wengi wenye imani hiyo, na siwacheki, maana ushahidi waliouona kwa macho yao unawaunga mkono.

Dawa yenyewe haihitaji fundi. Umeme ukirudi, washa kompyuta, ichomeke, iache bila kuigusa, nenda ukale bukari na wenzako. Baada ya nusu saa rudi, bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, ufungue "Gestionnaire des tâches", yaani orodha ya programu zinazofanya kazi, utazame safu ya "Disque". Ikiwa bado inasoma asilimia 100, muda wa kucheza haujafika.

Kwa kompyuta ambayo inakwama hata baada ya kupewa muda huo, tunahitaji uchunguzi, na uchunguzi unaanza na daftari. Kijana wetu, kabla sijagusa kitu, alicheza dakika kumi katika uwanja ule ule, nami nikaandika kila mkwamo na saa yake. Mpangilio wa saa hizo unasema mengi. Mikwamo inayofuatana kwa vipindi vinavyolingana inaashiria programu yenye ratiba, kwa mfano ile inayolinganisha picha zako na akiba ya mtandaoni. Mikwamo inayojaa mwanzoni kisha ikapungua ni ya programu zilizoamka pamoja na kompyuta. Mikwamo inayokuja kila unapoingia mahali papya ndani ya mchezo, hiyo ni ya mchezo wenyewe, unasoma diski kwa haja yake halali.

Tulipofungua orodha, mmoja wenu alisema kwa sauti: "Prosesa iko kwenye asilimia 25 tu, kwa hiyo iko huru!" Hapana, ndugu yangu, na kosa hilo hata mafundi wanalifanya. Prosesa hii inahesabiwa kuwa na viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kila moja peke yake. Kazi isiyoweza kugawanywa, ikikijaza kiini kimoja hadi pomoni, itaonekana kama asilimia 25 ya jumla. Programu ya chinichini inayokaa kwenye asilimia 25 bila kupanda wala kushuka haijapumzika. Imekimaliza kiini kizima.

Jaribu ninalolipinga ni lile la kuishika orodha na kubonyeza "Fin de tâche", kitufe cha kuzima programu, kuanzia juu hadi chini. Kwanza, zimo humo sehemu za Windows ambazo ukizizima, kompyuta nzima inaanguka pamoja nazo. Pili, programu uliyoizima hivyo itarudi kesho utakapowasha. Mahali pa kuizuia ni ukurasa wa "Démarrage", ambao umo ndani ya orodha hii hii tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Na tatu, ukizima kumi na sita kwa pamoja na mchezo ukapona, hujui ni ipi iliyokuwa na kosa, nawe umejinyima kumi na tano zisizo na hatia, labda pamoja na ile inayoendesha kipadi chako cha kugusa.

Ninachofanya mimi ni kugawa nusu kwa nusu. Kompyuta hii ilikuwa na programu kumi na sita zinazoamka nayo. Tunazuia nane, tunaizima na kuiwasha, tunaipa muda wake, tunacheza dakika kumi zile zile. Mikwamo ikiisha, mkosaji yumo katika zile nane tulizozizuia. Ikiendelea, yumo katika zile zilizobaki. Nane zinakuwa nne, nne zinakuwa mbili, na kwa majaribio manne tu umemshika mmoja kati ya kumi na sita. Ikitokea kwamba mikwamo inapungua bila kuisha, jua wako wawili, kila mmoja katika nusu yake, na kazi inarefuka kidogo. Kwa huduma zisizoonekana katika ukurasa huo, andika msconfig katika utafutaji, nenda kwenye "Services", na kabla ya lolote lingine weka alama kwenye "Masquer tous les services Microsoft". Bila alama hiyo utajikuta umeizima hata sauti.

Kuna mgeni mmoja ambaye njia hii inaweza isimwone. Michezo mingi mjini inanakiliwa kutoka flashi hadi flashi, na baadhi yake inakuja na programu ya siri inayochimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu asiyekujua. Nyingine zina ujanja wa kunyamaza mara tu unapofungua "Gestionnaire des tâches", kisha zinaendelea ukiifunga. Feni inayovuma kwa nguvu wakati hufanyi chochote, na inayotulia ukifungua orodha, ni dalili ya kutosha kufanya ukaguzi kamili wa virusi. Ukaguzi huo ufanywe na programu moja. Nimezikuta kompyuta zenye mbili za kulinda na ya tatu ya "kuharakisha", zote zikikagua faili moja kwa zamu. Ile ya kuharakisha nayo ni programu ya chinichini kama wenzake, inakula sahani ile ile.

Mama mmoja ameniletea swali kwenye karatasi: mwanawe anasema mega za intaneti zinaisha wakati mchezo wenyewe hautumii intaneti. Mama, mwanao anaweza kuwa anasema kweli. Masasisho yanashuka chinichini. Zaidi ya hapo, Windows 10 na 11 zina "Optimisation de la distribution", ambayo kutegemea ilivyowekwa inaweza hata kuwapelekea wengine masasisho ambayo kompyuta yako imekwisha kuyapata. Izimeni hiyo, kisha katika mipangilio ya Wi-Fi ya simu mnayotumia mchague "connexion limitée", na sehemu kubwa ya upakuaji itasimama. Siku moja kwa juma, lakini, mahali penye intaneti ya kutosha, iacheni ijisasishe, kwa kuwa masasisho hayo ndiyo yanayoziba mianya ya usalama.

Turudi mezani. Katika jaribio la nne tumempata mkosaji: programu ya kuhifadhi picha ambayo kijana anasema hakumbuki aliiweka lini. Tumeizuia peke yake na kuzirudisha zile kumi na tano. Katika dakika kumi za mwisho daftari lina mikwamo miwili, na yote imetokea wakati uwanja mpya unapakiwa. Hiyo ni ya diski inayozunguka, na hakuna programu ya kufunga itakayoiondoa. Itaondoka siku diski hii itakapobadilishwa na SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Na sasa nauchomoa waya wa umeme, mtazame: mchezo umekuwa mzito muda wote, bila kusimama-simama. Prosesa imepunguza mwendo ili kuokoa betri. Nauchomeka tena, na kijana, karibu, kompyuta ni yako.