Maji ya Kayabwe, mshale wa mafuta na samaki aliyehamia ziwani

ZAITUNI: Karibu tena, msikilizaji wetu. Uko Kampala, uko Jinja, au uko Busia unasubiri lori lako livuke mpaka, karibu. Mimi ni Zaituni. Mwenzangu ni Opio, ambaye leo amekuja studio na kufuli mfukoni. Sijui anataka kumfungia nani.

OPIO: Kufuli nitalifikia, dada Zai, usiwe na haraka. Leo tunayo yale mambo ya kila siku. Umeyashika, umeyala, umeyapita njiani, halafu siku moja mtu anakueleza yalivyo, unabaki mdomo wazi. Na ndevu zimeshaota mvi!

ZAITUNI: Na huwezi hata kuuliza, maana watasema, kumbe huyu naye alikuwa hajui?

OPIO: Hapo ndipo tunapochelewa. Jambo geni mtu anauliza bila shida. La kila siku anaona haya.

ZAITUNI: Basi tuanze na Kayabwe, barabara ya Masaka, pale Ikweta. Karibu kila mtoto wa shule Uganda amepelekwa pale, akapigwa picha kwenye ile duara nyeupe. Kuna kijana ana mabeseni matatu. Moja liko juu ya mstari, moja hatua chache kaskazini, jingine hatua chache kusini. Anamimina maji, anaweka ua juu yake, anafungua tundu. Upande huu ua linazunguka hivi, upande ule linazunguka vile, na pale katikati maji yanashuka wima. Watu wanapiga makofi, wanatoa pesa.

OPIO: Na mimi nimepiga makofi pale, nisikatae. Inapendeza.

ZAITUNI: Inapendeza, ila si Ikweta inayofanya vile. Ni mkono wa yule kijana. Mtazame siku nyingine wakati anamimina. Upande mmoja anamimina akiegemeza maji ukingo wa kulia, upande wa pili anaegemeza kushoto. Maji yanaanza kuzunguka kidogo sana, wewe hata huoni. Yakianza kushuka tunduni, ule mzunguko mdogo unaongezeka kasi. Kwenye beseni la katikati anamimina taratibu, anayaacha yatulie, basi.

OPIO: Ngoja kidogo. Shuleni tulifundishwa kwamba dunia ikizunguka inasukuma upepo na maji. Mwalimu alidanganya?

ZAITUNI: Mwalimu hakudanganya. Nguvu hiyo ipo, inaitwa Koriolisi. Ndiyo inayozungusha vimbunga vikubwa. Kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kilizunguka kufuata mwendo wa saa, kwa sababu kilikuwa kusini. Vya kaskazini vinazunguka kinyume chake. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na kinadumu siku nyingi. Beseni linaisha maji kabla hujamaliza kuchukua video. Na kuna jambo linalonichekesha zaidi: nguvu yenyewe inakua kadiri unavyokaribia ncha za dunia. Pale kwenye Ikweta ni sifuri. Hatua chache pembeni, ni kama sifuri.

OPIO: Yaani Kayabwe ndipo mahali pa mwisho pa kuitafuta!

ZAITUNI: Pa mwisho kabisa, bwana Opio. Ndiyo maana ni nadra mno kusikia kimbunga kimezaliwa karibu na mstari.

OPIO: Sasa hakuna aliyewahi kuiona kwenye maji ya kawaida?

ZAITUNI: Yupo. Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alichukua tangi la duara lenye upana wa karibu mita 2. Akalijaza, akalifunika ili upepo usiyaguse maji, akayaacha yatulie saa 24. Kisha akafungua tundu dogo taratibu. Dakika nyingi za mwanzo hakuna kitu. Mwishoni kabisa, yakaanza kuzunguka kinyume cha saa. Mwaka 1965 wanasayansi wengine wakarudia kule Sydney, Australia, yakaenda upande wa pili. Sasa niambie, ni nani Kayabwe ana saa 24 za kumsubirisha mtalii?

OPIO: Basi lingemwacha. Lakini tusimwharibie kijana kazi, dada. Ile ni burudani, na watu hulipia burudani.

ZAITUNI: Mimi nalipa vilevile. Ninachosema, pale pana maajabu ya kweli ambayo hayauzwi. Nenda tarehe 20 Machi, au 22 au 23 Septemba, karibu na saa saba mchana. Simama wima. Kivuli chako kinaingia chini ya miguu. Jua liko utosini.

OPIO: Hilo ni bure.

ZAITUNI: Na uzito. Ukijipima kwa mizani ya springi Kayabwe, mtu wa kilo 70 anapungua zaidi ya gramu 300 kuliko angejipima kwenye ncha ya dunia. Dunia imevimba katikati, kwa hiyo uko mbali zaidi na kiini chake, na pia inazunguka, inakuondolea uzito kidogo.

OPIO: Banange! Wanaolipa jimu wangehamia Masaka. Haya, niletee mimi nafasi. Wewe unaendesha gari, si ndiyo?

ZAITUNI: Naendesha.

OPIO: Umeazima gari la shemeji, unaingia sheli, hujui kifuniko cha tangi kiko upande gani. Unatoa kichwa dirishani, unazunguka, mhudumu anakupungia mkono rudi, wa nyuma anapiga honi. Kumbe jibu liko mbele yako. Tazama kwenye geji ya mafuta, pale penye kapicha ka pampu. Pembeni yake kuna kamshale kadogo. Kakielekea kushoto, tangi liko kushoto. Kakielekea kulia, kulia.

ZAITUNI: Na ule mpira wa pampu kwenye picha? Kuna watu wanasema uangalie mpira uko upande gani.

OPIO: Mpira usiuamini, watengenezaji wanauchora popote. Amini mshale. Wazo hilo alilitoa mhandisi wa Ford, Jim Moylan, mwaka 1986. Alichukua gari la kampuni kwenda kujaza mafuta, mvua inanyesha, akakuta amesimama upande usio wenyewe. Akalowa. Aliporudi ofisini, akaandika pendekezo.

ZAITUNI: Wengine wakilowa wanatukana tu.

OPIO: Sasa, magari ya zamani yanayokuja hapa kutoka Japani, mengine hayana huo mshale. Hilo niliseme, mtu asije akanipigia simu.

ZAITUNI: Na kufuli?

OPIO: Hili hapa. Ligeuze. Tundu la ufunguo unaliona. Kando yake kuna katundu kengine kadogo, kama kametobolewa na sindano. Wewe umekaona siku zote, ulidhani ni ka nini?

ZAITUNI: Nilidhani ndivyo linavyotengenezwa, basi.

OPIO: Maji ya mvua yanatokea hapo. Kufuli la geti linanyeshewa, maji yakibaki ndani, chuma kinashika kutu, asubuhi ufunguo unakataa. Na hapohapo ndipo unapotia mafuta likikaza. Tone moja, mawili, linalegea. Nimeona watu wakivunja makufuli mazima kwa nyundo.

ZAITUNI: Vitundu vinanikumbusha kifuniko cha kalamu ya Bic. Kile kitundu cha juu kiko pale ili mtoto akimeza kifuniko kikamkwama kooni, hewa ipite wakati anakimbizwa hospitali. Ukiona jinsi watoto wa shule wanavyotafuna vifuniko, unaelewa.

OPIO: Na simu ya vitufe, ile katochi, kitufe cha 5 kina kinundu ili kidole kijue kiko katikati bila kutazama. Hayo ni ya haraka haraka. Twende kwenye sahani, najua umekuja na maneno.

ZAITUNI: Nimekuja na maneno mengi. Mgomba. Sisi Uganda tunakula matoke asubuhi, mchana, msibani, harusini. Sasa muulize mtu wa mjini, mgomba ni mti? Atakwambia ni mti. Mgomba si mti. Ukate kwa panga, uone kama utakuta ubao. Ni vikonyo vya majani vilivyokumbatiana, tabaka juu ya tabaka, vimejaa maji. Shina lenyewe liko chini ya udongo, lile tunguu. Ua linasukumwa kutoka huko chini, linapanda katikati ya yale matabaka mpaka linachomoza juu, ndipo mkungu unaanguka pembeni.

OPIO: Watu wa kijijini wanajua hilo. Mkungu mmoja, kisha unakata, watoto wanashika nafasi.

ZAITUNI: Wakulima wanajua, nakubali. Lakini hata wao waambie kwamba mgomba asili yake ni Asia, watakufukuza shambani.

OPIO: Hata mimi nakufukuza. Matoke ni ya Asia?

ZAITUNI: Ndizi za kwanza zilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Zilifika huku zamani, zaidi ya miaka elfu moja, na wakulima wa nyanda zetu wakazaa aina nyingi ambazo huzikuti kule zilikotoka. Kwa hiyo matoke yamezaliwa hapa, ila babu zao ni wahamiaji. Mahindi ya posho, muhogo, karanga za mchuzi, viazi vitamu, vyote asili yake ni bara la Amerika.

OPIO: Sasa mwenyeji ni nani mezani?

ZAITUNI: Wimbi. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, Uganda tumo. Na kahawa ya Robusta inaota yenyewe msituni, pale Kibale.

OPIO: Sikilizeni, ndugu zangu! Ugali wa wimbi wa mama yangu ndio mwenyeji. Mlitucheka bure.

ZAITUNI: Mezeni furaha yenu, nataka kumleta mputa, sangara kwa wenzetu wa Mwanza. Nenda mwalo wa Ggaba, muulize kijana yeyote samaki wa Ziwa Viktoria ni nani. Mputa. Naye ni mgeni, tena wa juzi.

OPIO: Wa juzi lini?

ZAITUNI: Miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa Ziwa Albert na mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison. Yale maporomoko ndiyo yaliyomzuia. Samaki gani atapanda ule mlango wa maji? Basi watu wakambeba, wakamtia ziwani ili kuwe na samaki mkubwa wa kuvua na kuuza. Kwa miaka kadhaa kimya. Miaka ya 1980 akalipuka. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za nkejje, wale wadogo wenye rangi, wengi hawapatikani popote duniani. Aina nyingi zikatoweka.

OPIO: Lakini viwanda vya minofu vikaja, na watu wakapata kazi.

ZAITUNI: Vilikuja, na mnofu ukapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mgongo wazi, yale mabaki ya mifupa. Mzee aliyevua kabla ya hapo anakueleza habari hiyo kwa uchungu. Mtoto wake hajui kwamba ziwa liliwahi kuwa jingine. Hapo sicheki, Opio.

OPIO: Nakusikia. Ulimwona mmoja wa kilo 100?

ZAITUNI: Kwa picha. Wanafika huko na kuzidi.

OPIO: Nimalizie na mayai, maana kuna ulaghai. Mtu anavunja yai, kiini ni cheupe-cheupe, anasema kuku mgonjwa, yai halina vitamini. Rangi ya kiini inatoka kwenye chakula. Kuku wa kienyeji anakula majani na wadudu, kiini kinakuwa cha njano kabisa. Kuku wa banda analishwa pumba na mahindi, na mahindi yetu Uganda ni meupe. Utapata wapi njano?

ZAITUNI: Kwa hiyo mahindi ya njano...

OPIO: Yanatoa kiini cha njano, na kuku ni yuleyule, bandani mlemle. Mfugaji akitaka anaweza hata kununua chakula kilichotiwa rangi. Na ganda, kahawia au jeupe, ni ukoo wa kuku. Anayekuuzia kwa bei ya juu kwa sababu ganda ni la kahawia, anakuuzia ganda.

ZAITUNI: Muuza rolex wangu, ile chapati ya mayai, anasikiliza kipindi hiki, utanikosanisha naye.

OPIO: Mwambie yai bichi alitie kwenye maji. Likizama na kulala, ni jipya. Likisimama, limekaa siku nyingi. Likielea, asikukaangie.

ZAITUNI: Haya, muda umetutupa mkono. Tutumie ujumbe wa sauti, utueleze ni jambo gani la kila siku ulilijua ukiwa mtu mzima. Ukitaka tusikutaje jina, hatulitaji.

OPIO: Na mtuambie trei ya mayai kwenu ni shilingi ngapi, nataka kulinganisha.

ZAITUNI: Opio, chukua kufuli lako twende.