Kassim na Kitanda cha Kubabua Ngozi

REHEMA: Tuko hewani. Leo ni saratani ya ngozi, nimeandika mafunzo matatu kwenye karatasi. Lakini kwanza Kassim ana kesi ya kujibu.

KASSIM: Sina kesi. Nimejiandikisha jimu mpya hapa Oakland, California. Dada wa mapokezi ananiambia nikiongeza hela kidogo kwa mwezi, napata na kitanda cha kubabua ngozi, ile mashine ya miale ya kuwatia wazungu rangi ya jua.

REHEMA: Wewe?

KASSIM: Mimi, Da Rehema. Mtoto wa Pangani. Hata hakucheka, akanikabidhi na vimiwani vya kuziba macho.

REHEMA: (kicheko) Alitaka uive mpaka wapi?

KASSIM: Anatafuta kamisheni yule. Sasa nikamsimulia mwenzangu wa kazini, shoga, mzungu wa kuungua hata siku ya mawingu. Mwenyewe kaniruhusu niseme. Hakucheka. Akavuta kola, akanionyesha kovu shingoni walipomkata. Ujanani kila kiangazi kikikaribia alikuwa analala kwenye mashine hizo, maana marafiki zake wote walikwenda.

REHEMA: Na hayuko peke yake. Utafiti wa Marekani wa 2014 hadi 2018: mashoga 8.1% walisema wamewahi kupata saratani ya ngozi, wanaume wanaopenda jinsia zote mbili 8.4%, wanaopenda wanawake tu 6.7%.

KASSIM: Kwa wanawake mambo yakageuka, wanaopenda jinsia zote mbili wako chini kuliko wanaopenda wanaume tu.

REHEMA: Sawa. Ulilala, hukulala?

KASSIM: Da Rehema!

REHEMA: Wasikilizaji wanataka kujua. Vimiwani viko wapi?

KASSIM: Kwenye begi. Tuendelee.

REHEMA: Hakuvirudisha! Haya. Mimi nasema mashine hizi zifungwe. IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, imeziweka kundi moja na tumbaku, la visababishi vya saratani, tangu 2009, Brazil ikazipiga marufuku mwaka huohuo. Na watafiti wa Stanford wakakuta maduka ya mashine hizi yana uwezekano mara mbili wa kuwa kwenye mitaa yenye wanaume wengi wanaoishi na wenza wa kiume. Bahati mbaya hiyo?

KASSIM: Muuza chipsi naye hufuata wateja. California imezuia walio chini ya miaka 18, naafiki. Mtu mzima je? Maisha yote kaambiwa mwili wake aufanye hivi, asiufanye vile. Leo umwongezee katazo jingine?

REHEMA: Katazo ni la muuzaji.

KASSIM: Mkorogo nao kwetu Tanzania tumeupiga marufuku. Ingia sokoni uulize kwa sauti ndogo.

REHEMA: Kwa hiyo tuuhalalishe? Kassim, Moshi pale hospitali ya KCMC wametengeneza Kilisun, losheni ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Mzazi anaitafuta kwa udi na uvumba. Huko mtu analipia miale!

KASSIM: Analipia kupendeza.

REHEMA: Sikubali.

KASSIM: Usikubali.

(kimya)

REHEMA: Mashine ya kuua si urembo.

KASSIM: Na marufuku si elimu. Fundi anatuonyesha saa. Mafunzo yako?

REHEMA: La kwanza: sisi weusi hatujasalimika, kwetu melanoma, saratani kali ya ngozi, hupenda unyayoni na chini ya kucha, Bob Marley alifariki 1981 kwa—

KASSIM: Muda umekwisha.

REHEMA: Hata la kwanza sijamaliza!

KASSIM: Wiki ijayo, bei ya mchele.

REHEMA: Hamjamsikia akijibu, lakini. Alilala huyu!