Jinsi ya Kuhifadhi Maneno ya Loji na Kuyasema Bila Karatasi

Karibuni ndugu zangu. Video ya leo ni ya yule aliyepewa kipande chake cha kwanza cha kusema kwenye loji, yaani kikundi cha Frimasoni wanaokutana pamoja, akakiangalia kitabuni na moyo ukaanza kwenda mbio. Nitafuata utaratibu wa kuendesha sherehe uitwao Emulation, unaotumiwa na loji nyingi za Kiingereza. Loji za Kiingereza ziko hata Nairobi na Dar es Salaam. Alama na maneno ya kutambulishana sitayagusa. Mfano wetu ni maelezo ya zana za kazi za daraja la kwanza, yaani hatua ya kuingizwa, ambayo yamechapishwa, na mara nyingi ndicho kipande anachoanza nacho ndugu mpya.

Kwa nini tusisome tu? Mwaka 1813 Grand Lodge mbili, yaani vyama vikuu vinavyosimamia loji, zilizokuwa zikishindana Uingereza ziliungana, na kufikia 1816 zilikubaliana namna moja ya kuendesha sherehe. Namna hiyo ilienezwa kwa kuonyeshwa na kwa mdomo. Mwaka 1823 ikaanzishwa Emulation Lodge of Improvement, loji ya mazoezi, ya kuilinda, na mpaka leo hukutana Great Queen Street, London. Pale, ndugu akiendesha sherehe nzima bila kusahihishwa hupewa kikasha cha madini ya fedha cha kuwekea viberiti. Ni heshima kubwa, lakini usihifadhi kwa ajili ya tuzo. Usiku wa sherehe yuko mtu mmoja anayeingizwa, na maneno haya ataambiwa yeye mara moja tu maishani. Unahifadhi kwa ajili yake.

Haya, tuanze. Soma kipande chote ukitafuta maana, bado usihifadhi chochote. Tazama hapa mezani: rula ya inchi 24, nyundo ya mwashi, na tindo. Kila zana inaelezwa mara mbili: kwanza kazi yake kwenye jiwe, kisha funzo lake kwa mtu. Rula inapima kazi. Kwa mtu ni saa 24 za siku, sehemu ya sala, sehemu ya kazi na mapumziko, na sehemu ya kumsaidia rafiki au ndugu mwenye shida bila kujiumiza wewe wala wanaokutegemea. Nyundo inaondoa vinundu vya jiwe. Kwa mtu ni dhamiri inayozuia mawazo yasiyofaa. Tindo inalainisha jiwe. Kwa mtu ni faida ya elimu. Ukiujua mpangilio huu, hata neno likikuponyoka unajua uko wapi na unaelekea wapi. Asiyeujua, akipoteza neno moja amepoteza yote.

Sasa kata kipande vipande vidogo, kila kimoja kitoshe pumzi moja. Sema kwa sauti. Kusoma kimyakimya kunafundisha macho, na usiku ule utakaotegemea ni mdomo. Fanya kama mtoto wa madrasa: aya ya pili haipati mpaka ya kwanza imelainika ulimini na mwalimu ameisikia. Kiingereza chenyewe ni cha zamani, kwa hiyo neno usilolijua matamshi yake muulize mzee wa loji mapema, kabla halijazoeleka vibaya. Mimi hushauri kuanza na sentensi ya mwisho, halafu ile iliyoitangulia, kurudi nyuma hadi mwanzo. Wengi wanajua mwanzo vizuri sana na kuanguka mwishoni. Ukianza na mwisho, kila hatua inakupeleka kwenye maneno unayoyamudu zaidi.

Baada ya hapo chukua karatasi, andika herufi ya kwanza tu ya kila neno. Sema kipande chote ukiangalia herufi hizo, kisha igeuze karatasi. Rudia kesho yake, ruka siku mbili, rudia tena, kisha baada ya wiki. Kurudia kwa mapengo kunakaa kichwani kuliko kukesha siku moja. Jirekodi kwenye simu, sikiliza kwa spika za masikioni ukiwa kwenye daladala au ukiosha vyombo.

Kwenye mazoezi ya loji sema ukiwa umesimama, zana zikiwa mkononi. Hili wengi hulipuuza, nami nalisisitiza. Tazama mkono wangu: nataja rula, nainua rula, namaliza, naiweka chini, ndipo naichukua nyundo. Mkono ukizoea, wenyewe unakukumbusha neno linalofuata.

Usiku wa sherehe, simama miguu yote miwili ikiwa imara, vuta pumzi, mwangalie usoni yule unayemwambia. Usiongee na dari. Punguza mwendo kuliko unavyodhani inatosha, na neno la mwisho la sentensi lisikike mpaka benchi la nyuma. Ukifika kwenye kumsaidia ndugu mwenye shida, tua kidogo. Hapo ndipo anapoanza kuelewa kwamba anaambiwa jambo la maisha yake.

Ukisahau, nyamaza. Usibuni, usiombe radhi. Kubalianeni mapema kwamba mtu mmoja tu ndiye atakayekukumbusha, na mwambie wapi utatua kwa makusudi asije akakukatiza. Mgeukie, pokea neno, endelea. Watatu wakikurushia neno kwa pamoja, anayeumia ni yule anayeingizwa.

Hotuba ya mezani baada ya sherehe ni kitu kingine. Hapo hifadhi sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katikati sema kwa maneno yako, kwa ufupi, na umtaje ndugu aliyeingizwa kwa jina.

Asubuhi yake fungua kitabu, tia alama ya penseli kila mahali uliposaidiwa. Zoezi linalofuata anzia hapo.