Flight 19: Jua Bawa la Kushoto

Ndugu zangu, najua swali mlilokuja nalo: je, Flight 19, kundi la ndege za mazoezi za jeshi la majini la Marekani, lilimezwa na Pembetatu ya Bermuda, ile sehemu ya Atlantiki inayosemekana humeza ndege na meli? Nimelijibu mara nyingi, na leo nalijibu tena, kwa sababu hadithi za mashetani zinawadhulumu watu 14 waliokufa. Waliponzwa na hesabu, na hesabu yenyewe inaeleweka.

Tarehe 5 Desemba 1945, vita vikiwa vimemalizika miezi mitatu tu, ndege tano za Flight 19, za kivita aina ya Avenger, ziliruka kutoka Fort Lauderdale, Florida, saa 8:10 mchana. Zoezi lilikuwa hili: kuelekea nyuzi 091 za dira, yaani karibu mashariki kamili, maili 123 za baharini, njiani wakiangusha mabomu ya mazoezi, kisha nyuzi 346, maili 73, halafu nyuzi 241, maili 120, kurudi. Baharini hakuna barabara wala mlima. Rubani anashika dira, anatazama kasi, anahesabu dakika, upepo anaukadiria. Ukikosea nyuzi 1, kila maili 60 umeiacha njia kwa maili 1. Ukikosea 10, ile maili 123 inakutupa maili 20 pembeni. Hapo upepo bado.

Saa 9:40 hivi kiongozi na mkufunzi wao, Luteni Charles Taylor, alisema redioni kwamba dira zake zote mbili ni mbovu na kwamba yuko Florida Keys, visiwa vilivyo ncha ya kusini ya Florida. Nivumilieni hapa, maana kisa chote kiko hapa. Taylor alikuwa amehamia karibuni kutoka kituo cha Miami, Keys alikuzoea. Ila visiwa alivyoviona chini yake, kwa kila dalili, vilikuwa vya Bahamas, mashariki ya Florida. Luteni Robert Cox, aliyekuwa angani na kundi jingine, akamwelekeza: kama uko Keys, weka jua bawa la kushoto, fuata pwani mpaka Miami. Aliye Keys atafika. Aliye Bahamas, jua la alasiri likiwa kushoto kwake, pua ya ndege inatazama kaskazini, na mbele ni Atlantiki tupu.

Mtasema, si angeelekea magharibi tu? Hata wanafunzi wake walisikika wakisema hivyo. Lakini anayeamini yuko Keys, magharibi kwake ni Ghuba ya Meksiko. Kwa hiyo wakageuka mashariki, wakarudi, wakageuka tena, mafuta yakiisha.

Linaloniuma ni la saa 11:50 jioni. Vituo vya nchi kavu vilipima mawimbi ya redio vikapata walipo: kaskazini ya Bahamas, mashariki ya Florida. Taarifa haikuwafikia. Taylor naye alikataa kuhamia masafa ya dharura, akichelea kuwapoteza wenzake. Saa 12:20 akawaamuru wakae karibu karibu: wa kwanza mafuta yake yakishuka chini ya galoni 10, wote watue majini pamoja. Gizani, bahari imechafuka.

Muda umenibana. Ndege ya uokoaji, Mariner, iliruka saa 1:27 usiku na watu 13. Aina hiyo ilijulikana kwa mvuke wa petroli kujaa ndani, unaoweza kulipuka. Saa 1:50 mabaharia wa meli ya Gaines Mills waliona moto mkubwa, wakapita kwenye mafuta yaliyotanda juu ya maji, hawakumkuta mtu. Msako ulisitishwa baada ya siku tano.