Kanisa dogo na daftari lake

Waheshimiwa wazee wa kanisa, kina mama na vijana mliofika hapa Tororo,

Nimeombwa nieleze historia ya kanisa dogo la Kimethodisti la kijijini, nami nitaanza na deni. Mwaka 1739 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alianza kujenga nyumba ya ibada mjini Bristol, Uingereza, na hadi Februari 1742 waumini walikuwa bado wanadaiwa. Walipokutana kutafuta namna ya kulipa, nahodha mmoja aliyeitwa Foy alishauri kila mshiriki atoe peni moja kwa wiki. Alipoambiwa kwamba wapo wasioiweza hata hiyo peni, aliomba akabidhiwe maskini kumi na mmoja, awapitie kila wiki, na atakayekosa amtolee yeye mwenyewe. Ndivyo lilivyozaliwa darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini chini ya kiongozi wao. Waliopita nyumba kwa nyumba wakikusanya peni walikuta na mengine, huyu amelewa, yule anagombana na mkewe, na Wesley akatambua kwamba uangalizi huo wa karibu ndio aliokuwa akiutafuta siku nyingi.

Umethodisti ulifika Ribe, nyuma ya Mombasa, mwaka 1862. Wenzake mmisionari Thomas Wakefield waliondoka upesi, wengine kwa maradhi, naye mwaka 1873 akamzika huko mkewe Rebecca.

Kwetu Uganda tulichelewa. Waanglikana walifika 1877 na Wakatoliki 1879, kwa hiyo tulipokuja tulikuta vilima vya Kampala vimeshachukuliwa, Namirembe ina wenyewe, Waanglikana, na Rubaga ina wenyewe, Wakatoliki. Udogo wetu una sababu hiyo ya kihistoria, na sioni aibu kuutaja.

Hata hivyo, udogo usiwe kisingizio cha kupoteza kumbukumbu. Juzi nilionyeshwa daftari la kiongozi wa darasa, daftari la kawaida la shule, lililotolewa ndani ya gunia la mahindi huku panya wameshaanza kulila pembeni. Nawasihi mtafute mengine ya namna hiyo majumbani kabla ya mvua, kwa maana historia yetu imeandikwa humo kuliko penginepo pote. Kila mstari una jina, kila safu ni Jumapili, na waliotoa wamewekewa alama kwa wino wa bluu. Mbele ya jina la mjane mmoja, alama za miezi minne ni za wino mwekundu. Niliuliza maana yake, nikajibiwa kwamba miezi hiyo kiongozi alikuwa akimtolea.