Ugumu Usiofichwa: Mhadhara Kuhusu Gemu za Chemshabongo za Mashine za Zamani

Mwenyekiti wa kikao, walimu, wanafunzi na wageni mliofika hapa Dodoma jioni ya leo, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia gemu za chemshabongo za miaka ya 1980 na 1990, na kueleza kwa nini watu wenye simu za kisasa mfukoni bado wanazitafuta. Jibu linalosikika mara nyingi ni kumbukumbu za utotoni. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa kuwa wamo humu ukumbini vijana waliozaliwa baada ya mashine hizo kuacha kutengenezwa, nao huzicheza kwa ari ileile. Ninavyoona mimi, gemu hizi humweka mchezaji mbele ya ugumu usiofichwa: kanuni ni chache, zote anazijua, na akishindwa hana wa kumlaumu.

Chukueni kile kidude cha plastiki cha kutumia betri, ambacho wengi wetu tulikiita gemu la matofali. Kioo chake kilikuwa na miraba 10 kwa upana na 20 kwa urefu, nayo ilikwisha kupangwa kiwandani, hivyo gari, nyoka na kifaru vyote vilichorwa kwa miraba hiyohiyo, tena kwa kulazimisha kidogo. Tetris, gemu la kupanga matofali yanayoshuka ili mstari uliojaa ufutike, peke yake haikuhitaji kulazimishwa, kwa sababu uwanja wake ndio huo, 10 kwa 20. Alexey Pajitnov aliibuni Moscow mwaka 1984 kwenye kompyuta ya Elektronika 60, iliyoweza kuonyesha herufi tu, na matofali ya kwanza yalichorwa kwa alama za mabano. Gemu linaloweza kuchezwa kwa mabano halipungukiwi na kitu likiwekwa kwenye kioo kidogo cha Game Boy, mashine ya mkononi ya kampuni ya Nintendo.

Ugumu wake uko wapi? Matofali ni ya maumbo saba, kila moja lina miraba minne, na mtoto huyaelewa kwa dakika chache. Shida inaanzia kwenye tamaa. Katika toleo ambalo Nintendo walilitoa mwaka 1989 kwa NES, mashine yao ya kuunganishwa na televisheni, kufuta mstari mmoja katika ngazi ya mwanzo hukupa pointi 40, lakini kufuta minne kwa mpigo hukupa 1,200. Anayefuta mmoja mmoja mara nne anaambulia 160. Kwa hiyo mchezaji huacha safu moja ya wima wazi pembeni, hujenga kwingine kote, kisha husubiri tofali refu ambalo hajui litakuja lini, huku rundo likizidi kupanda. Hakuna anayemlazimisha kusubiri, na hapo ndipo penye utamu.

Ipo pia kasi, ambayo watu huitaja kwanza ingawa mimi naiweka nafasi ya pili. Katika toleo hilo la NES lililouzwa Marekani, tofali la ngazi ya 18 hushuka mstari mmoja kila baada ya fremu 3, yaani picha tatu zinazofuatana kiooni, la ngazi ya 19 kila baada ya fremu 2, na kuanzia ngazi ya 29 hushuka mstari mmoja kwa kila fremu. Mashine huonyesha takriban fremu 60 kwa sekunde, maana yake tofali humaliza uwanja mtupu kwa theluthi moja ya sekunde. Macho yangeweza kuzoea. Kilichogoma ni pedi, yaani kile kifaa chenye vitufe anachoshika mchezaji. Ukishikilia kitufe cha kushoto, tofali husogea safu moja kila fremu 6, hivyo hugusa chini kabla halijafika ukutani. Kwa miaka mingi ngazi ya 29 ilihesabiwa kuwa mwisho wa gemu. Baadaye wachezaji wakaacha kushikilia kitufe, wakawa wanakigonga kwa kutetemesha kidole, na hatimaye ikapatikana mbinu ya kustaajabisha zaidi: kidole gumba kinatulia juu ya kitufe, na vidole vya mkono wa pili vinapigapiga mgongo wa pedi kimoja baada ya kingine, ili pedi ndiyo ikifuate kidole. Tarehe 21 Desemba 2023, kijana wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, alifika ngazi ya 157 na programu ikaganda. Safari hiyo mashine ndiyo iliyosalimu amri.

Hata hivyo, gemu ninaloliheshimu kuliko yote halina kasi hata kidogo. Sokoban ilitoka Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaja kuingia kwenye Game Boy kwa jina la Boxxle. Unasukuma masanduku ghalani mpaka kwenye alama zake. Kusukuma unaruhusiwa, kuvuta huruhusiwi. Anayecheza bao anaijua hali hii, kwamba yote yanaonekana na kosa ni lako. Sanduku likigusa ukuta wa nje linaweza kwenda kulia au kushoto kuufuata ukuta huo tu, na kama kandokando yake hakuna alama, umekwisha kushindwa, ingawa gemu halitakuambia. Utaendelea kutembea na kupanga kwa hatua nyingi juu ya jambo lililokwishaharibika. Mwaka 1997 mtaalamu wa kompyuta Joseph Culberson alithibitisha kwamba tatizo la jumla la Sokoban limo katika kundi ambalo wataalamu wa nadharia ya kompyuta huliita PSPACE-kamili. Kwa lugha nyepesi, hakuna njia ya mkato inayojulikana ya kutatua kila ghala.

Kuna ugumu mmoja nisioutetea. Kaseti nyingi za gemu hazikuwa na mahali pa kutunza hatua uliyofikia, na zenye huruma, kama ya gemu la Adventures of Lolo, zilikupa neno la siri la kuandika kwenye karatasi. Umeme ukikatika, nanyi mnaujua, asiyeliandika alianza upya. Huo ulikuwa ubahili wa vifaa, wala tusiuite ubunifu.

Anayetaka kujaribu bila mashine achore ghala la miraba saba kwa saba kwenye daftari la hesabu, atie kuta mbili tatu katikati, aweke alama tatu, na punje tatu za mahindi ziwe masanduku. Ninayo maghala kadhaa niliyochora hapa mezani, na lile la chini kabisa bado sijapata njia fupi ya kulimaliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.